Sarafu za Fedha za Zamani: Kuosha Ndiyo, Kusugua Hapana

Safari hii tunaanza kwa kukiri kosa, na kosa lenyewe ni letu sisi wa ofisi ya maendeleo.

Kuna kikundi cha akina mama upande wa Litein kilichokuwa kinatafuta pesa za kumalizia tangi la maji. Mama mkwe wa mmoja wao, kogo wa miaka mingi, akatoa kopo la mafuta ya kupikia lililokuwa limekaa darini, juu ya meko, tangu watoto wake wakiwa wadogo. Ndani mlikuwa na sarafu thelathini na moja, nyeusi kama masizi. Alisema ni za marehemu mzee wake. Nyingine alizipata kwa kazi ya majani chai, nyingine alirithi kwa baba yake. "Uzeni mnunue hilo tangi," akasema, "mimi nazitazamia nini?" Akina mama wakaja kutuuliza waanzie wapi. Nasi, bila hata kufikiri, tukawajibu: "Zisafisheni kidogo kwanza, zipendeze macho."

Basi wakasafisha. Jioni ile walikaa nje na jivu, mchanga laini na waya wa kusugulia sufuria, wakasugua kwa bidii ileile ambayo mama wa Kikipsigis huiweka kwenye kazi yoyote. Tisa ziling'aa kama kijiko kipya. Giza likaingia, mvua nayo ikanyesha, kazi ikaishia hapo. Mvua hiyo tunaishukuru mpaka leo.

Wiki iliyofuata tuliandamana nao hadi Nairobi kwa mtu anayenunua sarafu za zamani. Alizimwaga juu ya kitambaa, akavaa kioo cha kukuzia, akaanza kuzitenga. Zile nyeusi ishirini na mbili alizitazama moja moja, mbele na nyuma. Zile tisa zinazong'aa alizisukuma pembeni kwa kidole bila kuzigeuza. Tukauliza kulikoni. Akatuambia hizo hawezi kuzinunua ila kwa uzito wake tu, kama chuma chakavu. Halafu akatuonyesha moja ambayo mwaka wake ulibaki 192 na kovu. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imekwenda na mchanga.

Tulirudi tukiwa kimya kwenye gari. Tangu hapo tumejifunza, na tunaandika haya ili kikundi kingine kisifanye tulivyofanya.

Weusi ule ni nini?

Wengi wetu tunadhani weusi wa sarafu ya fedha ni uchafu, kama masizi ya sufuria. Sivyo. Fedha, tunasema yale madini yenyewe, ina urafiki na salfa. Salfa ndiyo inayonuka kwenye yai bovu, na Waswahili wa zamani waliiita kiberiti kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Iko kidogo katika moshi wa kuni, katika mayai, katika sufi ya kondoo, katika raba. Salfa ikiigusa fedha, zinashikana na kufanya ngozi nyembamba. Ngozi hiyo huanza kama njano ya asali, inakuwa kahawia, halafu buluu, mwisho nyeusi. Huku kwetu Kericho na Bomet, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na jiko la kuni haliishi moshi, ngozi hiyo hujengeka upesi zaidi.

Sasa angalia jambo moja. Ngozi ile nyeusi imefanywa kwa fedha ya sarafu yenyewe. Ukiisugua unaondoa fedha, wala huondoi uchafu uliotoka nje. Na mchanga hauchagui. Unakula weusi, kisha unakula manyoya ya simba, kisha unakula mwaka. Mikwaruzo inayobaki haionekani vizuri kwa macho yetu ya kawaida, lakini chini ya kioo cha kukuzia inafanana na shamba lililopitwa na haro. Anayenunua sarafu kwa ajili ya kuhifadhi anataka uso wake wa asili, weusi ukiwamo. Kuna hata wanaolipa zaidi kwa ajili ya ule weusi mzuri uliotulia.

Tunajua mkono wetu umezoea vingine. Kibuyu cha mursik kinasuguliwa kwa sosiot na mkaa wa senetwet, na asiyekisugua vizuri atakunywa maziwa mabaya. Lakini sarafu si kibuyu.

Kwanza jua ulicho nacho

Kabla maji hayajagusa chochote, zipange sarafu mezani mchana, kwenye mwanga, uzisome. Si kila sarafu nyeupe ya zamani ni ya fedha.

Kongwe ambazo familia za huku huwa nazo ni rupia za India. Rupia ndiyo iliyokuwa pesa ya nchi hii kabla ya shilingi, na mtu akisema rabisiek ni kama tunaisikia bado. Ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu kumi na mbili, kumi na moja ni fedha tupu. Utakuta kichwa cha Malkia Victoria, au cha Mfalme Edward wa Saba, au cha George wa Tano. Zipo pia senti 25 na senti 50 za kati ya 1906 na 1919, zilizoandikwa East Africa and Uganda Protectorates. Hizo ni ndogo, lakini sehemu nne katika tano ni fedha.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919. Mwaka 1920 ikaleta florini, ambayo haikukaa, na baadaye shilingi yenye simba na milima. Shilingi za kwanza zina mwaka 1921. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu shilingi hiyo ina sehemu moja tu ya fedha katika nne, nyingine karibu zote ni shaba. Uzito wake ni gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha iliyomo haifiki hata gramu mbili. Rupia moja ina fedha kuliko shilingi tano za aina hiyo. Ndiyo maana shilingi ya simba ikichakaa huanza kuonyesha rangi ya njano au wekundu wa shaba kwenye sehemu zilizoinuka, na mwenyewe hufikiri imepata kutu.

Zenye fedha ni za George wa Tano za 1921 hadi 1925, na za George wa Sita za 1937 hadi 1946. Kuanzia 1948 shilingi ni ya shaba na nikeli, haina fedha hata chembe, ingawa simba ni yuleyule. Alama rahisi ni maandishi yanayozunguka kichwa cha mfalme: za mwanzo zina maneno IND IMP, yaani mfalme ni kaisari wa India pia. India ilipopata uhuru mwaka 1947 maneno hayo yakaondolewa. Senti kumi yenye tundu ni ya shaba. Na sarafu za Kenya yenyewe zilizoanza 1966, zenye picha ya Mzee Kenyatta, hazina fedha.

Soma mwaka, upande wa simba. Mwaka si pambo. Shilingi ya 1924 ilipigwa kwa mamilioni mengi, lakini za miaka mingine ni chache zaidi. Tofauti kati ya mwaka mmoja na mwingine ni tarakimu moja, na ndiyo tarakimu ile ambayo mchanga wetu uliila. Hatutajua kamwe ilikuwa ipi. Zipo pia herufi ndogo sana: H kwa zilizopigwa Birmingham, SA kwa zilizopigwa Pretoria wakati wa vita vya pili. Herufi kama hiyo haihimili waya wa sufuria hata mara moja.

Vitu vinavyoharibu, na vinavyoumiza

Tumeuliza vikundi mbalimbali watu husafishia nini, na tumesikia mengi. Dawa ya meno ina unga wa kukwaruza ndani yake. Sabuni ya unga nayo vilevile. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, aina ya Jik, ina klorini, na klorini huifanyia fedha madoa mabaya kuliko yale ya mwanzo. Ndimu na siki ni asidi. Hazina hatari kwa mkono, lakini hula shaba. Na kwa kuwa shilingi ya simba ni shaba kwa robo tatu, kinachobaki juu ni ngozi nyeupe isiyo na uhai, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Asidi ya betri ndiyo iliyotutisha. Vijana wa soko moja walikuwa wakitumbukiza sarafu humo dakika chache, zikitoka nyeupe pe. Sarafu imekufa, hilo dogo. Asidi hiyo ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, na ikimwagika mguuni inaunguza hadi nyama. Ikimpata mtu, vua nguo zilizolowa, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika ishirini, ukianza bila kuchelewa, kisha mkimbize kituo cha afya. Usipake mafuta wala kitu kingine. Wengine wanaambiwa na wapita njia kwamba kuna dawa ya sayanaidi ya masonara inayosafisha mara moja. Hiyo ni sumu ya kuua mtu. Isiingie nyumbani kwenu kabisa.

Iko pia ile njia ya karatasi ya alumini na magadi kwenye maji moto. Hii si uongo. Alumini huvuta salfa kutoka kwenye fedha, weusi unaondoka, na mtasikia harufu ya yai bovu. Kwa kijiko au bangili ya fedha inafaa, ukifanyia mahali penye hewa. Kwa sarafu hatuishauri. Inavua ngozi yote ya asili, na kwenye shilingi yenye shaba nyingi huacha mabaka mabaka. Ukishafanya, huwezi kurudisha.

Jinsi ya kuosha

Sasa mtauliza, kama kila kitu ni kibaya, tufanye nini? Mara nyingi jibu ni kutofanya chochote. Kama weusi ni laini na sarafu inasomeka, iache. Kuosha ni kwa ajili ya udongo, mafuta ya mikono, ugali mkavu, masizi yaliyolala juu juu.

Anza na maji. Ya bomba mara nyingi yana klorini. Maji ya mvua ni mazuri, nasi huku tumejaliwa, ila yasiwe ya manyunyu ya kwanza yanayobeba vumbi la bati. Yachuje kwa kitambaa, yachemshe, yapoe. Mnaweza pia kununua maji safi yanayoongezwa kwenye betri za magari. Hapo jamani fungueni macho: kituo kilekile cha petroli huuza maji ya betri na asidi ya betri, pengine kwenye chupa zinazofanana. Soma karatasi ya chupa, na kama haina karatasi usiichukue.

Tafuta beseni la plastiki, tandika taulo ndani ili sarafu isigonge chini. Nawa mikono, vua pete. Maji yawe vuguvugu, na matone mawili tu ya sabuni ya maji isiyo kali. Weka sarafu moja, si kumi kwa pamoja, maana zinakwaruzana. Ishike kwa ukingo, usiguse uso. Iache ilale nusu saa. Kama ilichimbwa shambani na ina udongo mgumu, iache siku nzima, hata siku tatu, ukibadilisha maji asubuhi na jioni. Maji yana subira kuliko sisi. Itikise taratibu ndani ya maji. Udongo unaokataa kutoka, uache hapo. Usiukune kwa ukucha, usiutoboe kwa sindano.

Halafu isuuze kwa maji mengine safi mara mbili au tatu mpaka sabuni yote iishe. Ilaze juu ya kitambaa laini cha pamba, fulana ya zamani iliyofuliwa inatosha, kisha funika na kubonyeza. Kubonyeza, si kupangusa. Iache kivulini usiku kucha ikauke kabisa, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani ya kopo utafanya kazi yake polepole mkiwa mmelala.

Penye gundi au mafuta mazito, asetoni safi ya duka la dawa huyayeyusha bila kuigusa fedha. Ile ya kuondolea rangi ya kucha haifai, imetiwa manukato na mafuta. Lakini asetoni hushika moto kwa umbali, hata kwa mvuke wake. Ifanyiwe nje, kwenye chombo cha glasi, mbali na jiko, taa na sigara, na watoto wasiwepo. Kama kikundi hakina mtu mwangalifu wa kazi hiyo, acheni gundi ibaki.

Ile kutu ya kijani inayotoka kwenye shaba ni shida nyingine. Kama ni kavu na imetulia, iache. Kama ni unga unaopukutika, tenga sarafu hiyo isikae na wenzake, umwonyeshe mjuzi.

Pa kuziweka

Kopo la darini lilikuwa mahali salama kwa wezi, pabaya kwa fedha. Moshi wote wa meko ulipitia pale. Msizifunge kwa raba, kwa maana raba ina salfa na itaacha mstari mweusi usiotoka. Msizifunge kwa gazeti wala kwa kipande cha sweta. Mifuko laini ya plastiki inayonuka ikiwa mipya hutoa maji ya kijani yanayonata baada ya miaka. Kila sarafu ipate bahasha yake ndogo ya karatasi nyeupe, kisha zote ziingie kwenye chupa ya glasi yenye kifuniko kinachobana. Vile vipakiti vidogo vinavyopatikana ndani ya boksi la viatu vipya hunyonya unyevu. Tupieni kimoja viwili humo, ila watoto wasivichukue kama peremende.

Juu ya bahasha andikeni habari yake: ilikuwa ya nani, aliipata wapi, kwa kazi gani. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza miaka ya 1920, na shilingi ambayo mtu anajua ililipwa huko ina habari ambayo duka la Nairobi haliwezi kuitengeneza. Andikeni kogo akiwa bado yupo wa kuulizwa.

Kabla ya kuuza

Maneno ya kwamba sarafu moja ya zamani ni mamilioni yamezunguka sana, siku hizi hata kwenye simu. Shilingi nyingi za simba ni za kawaida na bei yake ni ya kawaida. Mtu akikuambia yako ni mamilioni ila utume kwanza ada kidogo ya kuisajili, huyo hatafuti sarafu. Pelekeni kwa wanunuzi wawili au watatu, muende watu wawili, na orodha yenu ikiwa imeandikwa na kupigwa picha. Mkitaka kuhakikisha uzito, mzani wa duka la posho hauwezi. Nendeni kwa sonara mwenye mzani mdogo, au pimeni shilingi kumi pamoja kwa mzani wa jikoni, ziwe karibu gramu 78.

Na sheria pia ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kama mna rupia za Victoria za miaka hiyo, au mmechimbua chungu chenye sarafu wakati wa kuchimba msingi, msiviguse sana. Waulizeni Makumbusho ya Taifa kwanza.

Wale akina mama wa Litein waliuza sarafu kumi na tisa kati ya zile nyeusi, tangi likapata mabati yake na bomba. Tatu walizibakiza, kila moja na bahasha yake. Zile tisa za kung'aa tulimrudishia kogo sisi wenyewe, tukamweleza kosa lilikuwa la nani. Alizigeuza geuza kiganjani, akacheka, akasema mume wake asingezitambua. Kisha akawagawia wajukuu.